Dawa ya meno ya majimaji: Je, yaweza kuchukua nafasi ya ile ya tyubu?

Na DAKTARI WETU

UKIINGIA katika duka kubwa lolote mjini siku hizi, rafu ya dawa za meno itakuchanganya akili. Zamani uamuzi ulikuwa mwepesi: tyubu kubwa au tyubu ndogo. Leo kando ya tyubu utakuta chupa za dawa ya majimaji, nyingine za kubinya, nyingine zenye pampu, na mara nyingi bei yake si ya kuchekea.

Swali ninaloulizwa na wagonjwa, hasa kina mama wanaonunua vitu vya nyumba nzima, ni moja: Daktari, hii ya majimaji inafanya kazi kama ile tuliyoizoea, ama tunauziwa maji yenye rangi?

Jibu ni kwamba yaweza kufanya kazi sawasawa na ile ya tyubu, lakini si kila chupa. Tofauti baina ya chupa ya kufaa na chupa ya kupoteza pesa haitambuliki kwa kuitazama dawa yenyewe. Imo katika yale maandishi madogo yaliyo nyuma, ambayo wengi wetu hatuyasomi.

Hebu kwanza tuelewe dawa ya meno ni kitu gani. Anayesafisha jino hasa ni mswaki. Nyuzi zake ndizo zinazoondoa ukoga, yaani ule utando laini wa viini unaojijenga juu ya meno kila siku. Ukipiga mswaki vizuri kwa maji matupu, sehemu kubwa ya ukoga huo itatoka. Dawa ni msaidizi wa mswaki.

Ndani ya tyubu ya kawaida mna chembechembe ngumu za kusugua, kama vile chokaa laini au silika, ambazo huondoa madoa. Mna gliserini au sobitoli ili dawa isikauke, gundi ya kuishikanisha, sabuni kidogo ya kutoa povu, vionjo vya mnanaa na sukari bandia. Halafu, ikiwa ni dawa ya maana, mna madini ya floraidi.

Dawa ya majimaji ina karibu vitu hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba gundi na chembechembe zimepunguzwa, na maji yameongezwa. Kuna nyingine zisizo na chembechembe hata kidogo. Ile ya rangi inayong'aa kama kioo, tunayoiita jeli, iko katikati ya hizo mbili. Jeli ya kwanza kupata umaarufu, Close-Up, ilianza kuuzwa mwaka 1967, na wengi waliokulia Kenya wanaikumbuka.

Tusichanganye dawa hii na maji ya kusukutulia kinywa. Chupa zaweza kufanana na zikawekwa rafu moja, lakini ya kusukutulia haitumiki na mswaki, na ikiwa ina floraidi, kiasi chake huwa kidogo mno. Nyingi za kutumiwa kila siku huwa na takriban sehemu 225 za floraidi katika kila sehemu milioni, ilhali dawa ya kawaida ya meno huwa na 1,000 hadi 1,500. Mtu anayesukutua asubuhi na kwenda zake kazini bila ya kupiga mswaki ananukia vizuri tu. Ukoga umebaki pale pale.

Kisa cha Teel

Dawa ya majimaji si uvumbuzi wa juzi. Mwaka 1938 kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani ilitoa sokoni dawa iliyoitwa Teel. Ilikuwa ya maji, yenye rangi ya kupendeza, na ilitumia sabuni ya kisasa iliyotengenezwa kiwandani. Walioitangaza walijivunia jambo moja kubwa: haikuwa na chembechembe za kukwaruza meno.

Ilipata wanunuzi wengi. Lakini baada ya muda baadhi yao walianza kuona meno yao yakigeuka rangi na kuwa ya kahawia. Meno hayakuwa yameoza. Kilichotokea ni kwamba mate huweka utando mwembamba juu ya jino, na utando huo hunywa rangi ya chai, kahawa na moshi wa sigara. Chembechembe za dawa ya kawaida huukwangua kila siku bila ya mtu kujua. Teel haikuweza kuukwangua. Mwishowe ilibidi wenye dawa wawashauri wateja wasugue meno kwa bekingi soda mara moja kwa wiki. Dawa hiyo haiko tena madukani.

Nimekieleza kisa hiki kwa sababu sisi ni watu wa chai. Mtu anayekunywa vikombe vinne vya chai ya rangi kwa siku, au anayevuta sigara, au anayetafuna miraa, akihamia dawa isiyo na chembechembe huenda akarudi dukani kulalamika. Madoa hayo hayadhuru jino, lakini nani anataka kutabasamu na meno ya rangi ya kutu?

Basi tazama orodha ya vilivyomo. Ukiona silika, au chokaa ambayo kwenye chupa huandikwa calcium carbonate, ujue chembechembe zipo. Usipoziona, tumia chupa hiyo siku za kawaida na ile ya tyubu mara mbili au tatu kwa wiki. Hakuna ubaya wowote wa kuwa na zote mbili nyumbani.

Kwa upande mwingine kuna watu ambao ukosefu wa chembechembe ni faida kwao. Hawa ni wale ambao fizi zimerudi nyuma na mizizi ya meno ikawa wazi, jambo la kawaida baada ya umri wa miaka 40. Mzizi hauna lile gamba gumu la juu, na ukisuguliwa kwa nguvu na dawa kali pamoja na mswaki mgumu, hulika na kufanya kifereji karibu na ufizi. Maji baridi yakigusa hapo mtu huruka. Wengi wa wagonjwa hao nikiwauliza wanatumia mswaki gani, hujibu kwa fahari kwamba ni ule mgumu kabisa. Mswaki laini na dawa isiyokwaruza vitawasaidia zaidi.

Floraidi

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Viini vilivyo katika ukoga hula sukari na kutoa asidi. Asidi hiyo huyeyusha madini ya jino kidogo kidogo, na mate huyarejesha. Mtu akinywa chai yenye sukari au soda mara moja, mate hushinda. Akinywa kidogo kidogo kuanzia asubuhi hadi jioni, asidi hushinda, na jino hutoboka. Floraidi husaidia madini kurudi mahali pake na kulifanya gamba la jino kuwa gumu zaidi dhidi ya asidi.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Ulimwenguni liliiingiza dawa ya meno yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu, ile ile yenye dawa za malaria na za kifua kikuu. Si jambo la urembo basi. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa hapa nchini mwaka 2015 ulipata kwamba karibu mtoto mmoja kati ya wanne, na mtu mzima mmoja kati ya watatu, alikuwa na meno yaliyooza.

Kwa hiyo unapoishika chupa, geuza nyuma utafute neno FLUORIDE na nambari iliyo kando ya herufi ppm. Kwa mtu mzima nambari hiyo iwe kati ya 1,000 na 1,500. Chini ya hapo ushahidi wa kuzuia meno kuoza ni hafifu. Ikiwa neno hilo halipo, unanunua sabuni ya meno yenye harufu nzuri, hata kama chupa imechorwa majani ya kijani na kuitwa ya kiasili. Nimeona watu wakilipa pesa nyingi kwa chupa za aina hiyo, nami huwaambia waziwazi kwamba tyubu ya bei nafuu yenye floraidi inazishinda.

Tazama pia alama ya ubora ya KEBS na tarehe ya mwisho wa matumizi. Usinunue dawa iliyogawanywa kutoka mtungi mkubwa na kutiwa katika chupa zisizo na karatasi, kwani huna namna ya kujua kilichomo.

Wasomaji wa Nakuru, Naivasha, Gilgil na kwingineko katika Bonde la Ufa watauliza: Sisi maji yetu yamejaa floraidi mpaka meno ya watoto yamekuwa na madoa ya kahawia, tutatiaje nyingine? Hoja hiyo ni ya haki. Kipimo cha juu kinachokubaliwa na Shirika la Afya Ulimwenguni katika maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya eneo hilo vimepita hapo. Katika uchunguzi huo wa 2015, watoto wapatao wanne katika kila kumi walikuwa na dalili za madoa hayo.

Lakini madoa hayo hutokea wakati jino linaumbwa likiwa bado ndani ya ufizi, yaani kabla ya umri wa miaka minane hivi, na husababishwa na floraidi inayomezwa. Mtu mzima hawezi kuyapata kwa kupiga mswaki. Mtoto mdogo naye yuko salama akitumia dawa kidogo na kuitema. Na wale ambao tayari wana madoa hayo waache kuyasugua kwa jivu, mchanga au ndimu. Rangi hiyo iko ndani ya gamba lenyewe. Utamaliza gamba kabla ya kuimaliza rangi. Daktari wa meno ndiye mwenye njia za kuyapunguza.

Jinsi ya kuitumia

Dawa ya majimaji ina kasoro moja ya kuchekesha: hukimbia. Ukiimimina juu ya mswaki uliolowa, nusu yake itaishia kwenye sinki. Tumia mswaki mkavu, weka matone machache, kisha bonyeza nyuzi kwenye meno ya nyuma kwanza ndipo uanze kusugua. Piga mswaki kwa dakika mbili, mara mbili kwa siku, na moja ya hizo iwe usiku kabla ya kulala, kwa kuwa mate hupungua tunapolala. Lengo ni pale jino linapokutana na ufizi, na usisahau upande wa ndani unaoguswa na ulimi.

Usishangae ukiona povu dogo. Povu halisafishi. Kwa kweli wale wanaosumbuliwa na vidonda vya mdomo kila mara, baadhi yao hupata nafuu wakiacha dawa yenye sabuni ya povu, ambayo huandikwa sodium lauryl sulfate, na baadhi ya hizi za majimaji hazina sabuni hiyo.

Ukimaliza, tema. Usisukutue kwa kikombe kizima cha maji. Najua tulilelewa hivyo, lakini maji hayo huondoa floraidi yote uliyoilipia. Iache ibaki kwenye meno. Ikiwa daktari amekupa maji ya kusukutua yenye klorheksidini kwa ajili ya fizi, subiri nusu saa baada ya kupiga mswaki, kwa sababu sabuni ya dawa ya meno huipunguza nguvu. Na ukiwa umetoka kutapika, kama ilivyo kwa baadhi ya kina mama wajawazito, sukutua kwa maji na ungoje nusu saa pia kabla ya mswaki, ili usisugue jino lililolainishwa na asidi.

Kuna jamaa ambao, tyubu ikikaribia kwisha, huikata, huichanganya na maji katika chupa na kupata dawa ya majimaji ya nyumbani. Kuikwangua tyubu mpaka mwisho ni busara. Kuichanganya na maji siyo. Ukiongeza maji sawa na dawa, floraidi imepungua nusu, na vile vitu vya kuzuia dawa isiharibike navyo vimepungua, hivi kwamba viini vyaweza kuota ndani ya chupa. Mchanganyiko wa mafuta ya nazi na bekingi soda, unaosifiwa sana, husafisha kidogo lakini hauna floraidi. Mkaa wa kusaga huwa na chembe kali mno, na magadi yasitumiwe kabisa na watoto, maana mengi yana floraidi nyingi isiyopimwa.

Na ule mswaki wa mti, ambao ndio uliokipa jina hiki cha plastiki? Huo ni mzuri. Anayeujua kuutumia husafisha meno barabara, ingawa upande wa ndani wa magego humpa taabu. Anayeupenda aendelee nao mchana, na usiku atumie dawa yenye floraidi.

Wazee na wagonjwa

Kwa mzee mwenye mikono dhaifu au yenye baridi yabisi, chupa ya pampu ni nafuu kuliko kukamua tyubu. Hata hivyo, kwa aliyepatwa na kiharusi na anayepaliwa akinywa maji, dawa ya majimaji haifai. Itateremka kooni na kuingia njia ya hewa, na viini vya kinywani vikifika mapafuni huleta nimonia. Mgonjwa huyo mkalishe wima, mpake dawa nzito kidogo tu isiyotoa povu, umsugue taratibu na kumpangusa kwa kitambaa safi.

Wenye kisukari nao wajue kwamba ugonjwa wa fizi huifanya sukari ya damuni kuwa ngumu kudhibiti, na sukari ikipanda fizi huzidi kuoza. Fizi zikitoka damu wiki mbili mfululizo licha ya kupiga mswaki vizuri, kubadilisha dawa ya meno hakutasaidia. Ukoga uliogeuka kuwa jiwe hautoki kwa mswaki. Unahitaji kukwanguliwa na daktari wa meno. Vivyo hivyo, hakuna dawa ya kupaka inayoziba jino lililotoboka, na jino linalouma likifuatwa na uvimbe wa shavu au chini ya taya, homa, au taabu ya kumeza, ni la kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo.

Watoto

Nimewaacha mwisho kwa sababu ndio wanaonitia wasiwasi zaidi. Mtoto chini ya miaka mitatu atumie dawa ya kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia miaka mitatu hadi sita, punje moja ya minji. Kwa dawa nzito kipimo hicho ni rahisi kukiona. Kwa ya majimaji si rahisi, na mkono wa mtoto hauna kadiri.

Tufanye hesabu. Dawa yenye 1,450 ppm ina takriban miligramu moja na nusu ya floraidi katika kila gramu. Punje ya minji ina uzito wa robo gramu hivi, kwa hiyo hata ikimezwa ni chini ya nusu miligramu. Lakini kijiko kimoja cha chai cha dawa ya majimaji ya nguvu hiyo kina zaidi ya miligramu 7, yaani mara 20. Kiasi kinachohesabiwa kuwa cha hatari ya sumu ni miligramu 5 kwa kila kilo ya mwili. Mtoto wa kilo 10 atakifikia akimeza gramu 34 hivi, kama theluthi ya tyubu ya gramu 100. Ni vigumu mtoto kula theluthi ya tyubu. Kunywa theluthi ya chupa tamu yenye ladha ya stroberi si vigumu hata kidogo.

Kwa hiyo chupa ya majimaji ikae juu, mbali na mikono yao, na mzazi ndiye amimine mpaka mtoto afikishe miaka saba hivi. Kwa wadogo, mimi ningependelea ya tyubu.

Iwapo mtoto amekunywa, usimtapishe. Mpe maziwa, kwani madini ya kalisi yaliyomo hushikana na floraidi tumboni na kuizuia isiingie mwilini haraka. Tumbo kuuma, kutapika na kutokwa na mate mengi ndizo dalili za mwanzo, lakini ikiwa kiasi alichokunywa ni kikubwa au hukijui, usingoje dalili. Mpeleke hospitali mara moja, na uichukue chupa hiyo ili daktari asome nambari iliyoandikwa juu yake.